Siku Nilipomteremsha Baba kwa Chukudu Kubwa

Siku moja haijanitoka, mwanangu, na wala sitaki initoke: siku niliyomteremsha baba yangu kutoka Masereka hadi hospitali ya Butembo, juu ya chukudu kubwa, gari letu la mbao la magurudumu mawili lisilo na injini wala pedali, niliyoifahamu kwa asubuhi moja tu. Jana nilikuona na hiyo kubwa yako mpya, ukigombana nayo pale mteremkoni. Keti kidogo. Kwa habari za chukudu najua ninachosema, na kujisifu sioni haya.

Zilikuwa enzi za vita. Baba alianguka kutoka juu ya paa akavunjika paja, na mguu ukavimba hata ngozi ikang'aa. Malori yalikuwa hayapandi tena kwetu, askari walikuwa wameyachukua. Machela ilihitaji wanaume wa kupokezana, na wanaume walijificha, maana askari wakikukuta njiani una mabega mapana wanakubebesha risasi hadi porini, na kurudi ni majaliwa. Muuguzi wa zahanati alitwambia wazi kwamba asipofika Butembo mguu utaoza, na baada ya mguu ni yeye mwenyewe.

Mjomba wangu Katembo alikuwa fundi wa kuchonga chukudu. Alikuwa na moja ya kubebea viazi, ya mkaratusi mzito, ubao wake mrefu wa kumlaza mtu, mpana na mnene. Mimi nilikuwa bingwa wa zile ndogo. Ndogo unaipeleka kwa mikono tu: goti liko mbele karibu na usukani, ukiona shimo unakwepa, ukitaka kusimama unaburuza kisigino. Nikapakia magunia ya kujaribia, nikateremka hivyo hivyo kama nilivyozoea. Kwenye kona nikakata usukani kwa nguvu zangu zote. Ile kubwa haikunisikiliza hata kidogo, ikanipeleka moja kwa moja ndani ya maharage ya jirani.

Mjomba hakunipa hata pole.

"Kambale, wee unaiamuru sawa kale kadogo! Hii hapana kuamuru. Viraje unaiombaka kungali mbali. Goti, rudisha nyuma. Mikono, acha ilegee. Ni kiuno ndiyo inageuza, polepole, mbele ya kufika."

"Na mashimo, tonton?"

"Kashimo kadogo pita juu yake, ubao ni munene, itakabeba. Mais ukianza kukakwepa, utamwanga baba yako chini."

Kuiomba kona! Nilicheka, kijana mjinga mimi. Halafu nikaiomba, na kona ikakubali. Nikarudia mpaka kiuno kikajua chenyewe.

Tukamlaza baba juu ya godoro la nyasi, tukamfunga kwa mipira ya baiskeli, kichwa chake kimeinuliwa kwa gunia chini ya kifua changu, goti langu pembeni mwa mbavu zake. Mama alilia, mimi nikasukuma. Mwanzoni nilikwepa jiwe moja kwa mazoea, na baba akapiga kelele.

"Kambale! Mimi ni mutu, hapana kiazi!"

Hapo nikatulia. Nikatazama mbali badala ya kutazama gurudumu. Penye mpando wanawake wa sokoni walishusha mizigo yao wakatusukuma, wakimtania baba kwamba amekuwa mwami, chifu wa kubebwa. Penye mteremko niliachia kiuno kifanye kazi, na ubao ule mnene ukapita juu ya vishimo ambamo chukudu yangu ndogo ingerukaruka. Nakwambia, mwanangu, nilifurahi. Katikati ya vita na baba mgonjwa, nilifurahi.

Baada ya kona moja ndefu nikaiona kamba imekatisha barabara, na askari wawili kando yake. Wakati ule aliyeipita kamba bila kusimama hakuulizwa kitu, alipigwa risasi. Na kubwa ikishashika mwendo haisimami kwa kisigino.

"Telema!" askari mmoja akapaza sauti kwa Kilingala, yaani simama, bunduki imeinuka.

Kubwa ina breki ya kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, nami nilikuwa nimeshaanza kuikanyaga kabla hajafungua mdomo. Kidogo, nikaachia, kidogo tena, mwili wote nyuma. Gurudumu la mbele likafika kwenye kamba, likasimama.

Askari akainama kumtazama baba. Macho yamefungwa, mdomo wazi.

"Huyu ashakufa?"

Nilikumbuka kwamba tangu mbali sijamsikia akilalamika, nami nilikuwa nafurahia kona. Nikainamisha sikio.

Baba akakoroma.

Alikuwa hajalala tangu aanguke. Askari akacheka hadi akaegemea bunduki yake, akainua kamba. "Kende," akasema, "nenda na muzee yako." Mguu uliunganishwa Butembo, ukabaki mfupi kidogo, na kwa mguu huo alicheza kwenye harusi yangu.

Basi nasaha yangu ni hii. Kubwa si ndogo iliyonenepa, usiiendeshe kwa hasira za ile ya kwanza. Kaa nyuma, tazama mbali, vishimo vidogo vipite tu, na kona iombe mapema. Usitake watu wakusifie mbio. Aliyelala juu ya ubao wako asiamke, hiyo ndiyo sifa.

Mungu akupe barabara kavu, mwanangu, na breki isiyokusaliti. Na siku mimi nitakapohitaji kuteremshwa Butembo, uwe wewe.