Dijei Fredy na Sauti ya Chura

Sitaki mtu aniambie katuni hazifundishi. Mimi Mama Cornel nimeuza karanga miaka saba mlangoni pa kibanda umiza, banda la kuonyeshea picha, cha Fredy hapa Masumbwe, na niliyoyaona nimeyaona.

Fredy alikuja huku kufuata dhahabu kama wanaume wengine. Alihangaika kwenye mashimo ya watu mwaka mzima, akaambulia kikohozi. Lakini mdomo Mungu alimpa. Akanunua televisheni, spika mbili na maiki, akaezeka banda kwa turubai, akawa dijei: picha inaongea lugha ya wenyewe, yeye anapunguza sauti na kuitafsiri kwa Kiswahili. Tafsiri gani? Lugha yenyewe hakuijua. Alitazama picha akatunga, na utunzi wake ulikuwa mtamu.

Jumamosi mchana ilikuwa zamu ya watoto. Waliipenda katuni moja ya kobe mdogo, mwoga, ambaye kila mara anakutana na jambo geni, anatetemeka, halafu anajaribu. Ikiisha, Fredy anawaambia: "Na wewe, wiki hii jaribu kitu ambacho hujawahi. Ukikosea, njoo hapa tukupigie makofi." Na walijaribu kweli. Mjukuu wangu, aliyekuwa akitapika akiuona mlenda tu, alikula mlenda. Mtoto wa jirani yangu Jilala alipanda baiskeli ya baba yake, akavunjika jino, akaja kupigiwa makofi huku anavuja damu na kufurahi. Akina mama tulimsifu Fredy kuliko walimu.

Aliyemwamini kuliko wote ni binti yake mwenyewe, Wema, wa miaka tisa. Wema alikuwa na kigugumizi. Akiwa na mama yake, Salome, aliongea taratibu na maneno yakatoka. Mbele ya watu yalimkwama kooni. Sasa katika katuni ile kulikuwa na chura mwenye sentensi moja tu: "Nipisheni, na mimi nimo." Wema akataka aiseme yeye, kwenye maiki. Salome, ambaye mchana kutwa alikuwa kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, akichekecha unga wake, alimfanyisha mazoezi majuma matatu, kila jioni, wakichambua dagaa. Siku ya mwisho mtoto aliisema mara kumi bila kukwama. Salome alikuja kunieleza huku anacheka kwa furaha.

Jumamosi ikafika, banda limejaa. Chura akatokea, Fredy akampa binti yake maiki.

"Ni..." Wema akaanza. "Ni-ni-ni-ni..."

Picha haimngoji mtu. Chura alishafunga mdomo, mtoto bado yuko kwenye ni. Wawili watatu wakaanza kucheka. Fredy angeweza kusimamisha picha. Kidole chake kilikuwa palepale kwenye rimoti, nilikiona. Ila yule mtu hajawahi kusikia kicheko akakiacha kipite. Akamnyang'anya maiki. "Jamani, washeni kompresa! Chura kakosa hewa shimoni!" Kisha akaisema ile sentensi kwa sauti ya mwanawe, ni-ni-ni-ni vilevile, na mabega akayapandisha vilevile.

Banda zima liliangua kicheko. Na mimi nilicheka, mpaka karanga zikanimwagika. Nalisema kwa sababu ni kweli, na sijajisamehe.

Wiki iliyofuata watoto hawakumtaka kobe tena, walimtaka chura. Fredy akamtungia chura maneno mengi, yote ya kigugumizi, hata watu wazima wakaanza kuja. Akayarekodi, na vijana wa maduka ya simu wakayatia kwenye memori kadi na kuyauza. Salome akamfuata pale mlangoni, mbele yangu.

"Baba Wema, huyo ni mwanao."

"Kwani nimemtaja jina? Huyo ni chura."

"Mwenyewe anajijua."

"Si alitaka kusikika? Sasa anasikika."

Wema akaacha kuongea, hata na mama yake. Shuleni ikifika zamu yake ya kusoma kwa sauti anasimama tu, mpaka mwalimu anamruka. Nyumbani akitaka maji ananyoosha kidole. Naye Fredy alikuwa anaishiwa maneno ya chura, hivyo jioni moja wakati wa kula akaegesha simu nyuma ya bakuli, inarekodi, akaanza kumbembeleza. "Sema tu, 'Baba, naomba mboga.' Jaribu, mwanangu." Wema aliitazama ile simu, akala ugali mkavu.

Kesho yake asubuhi Salome alikusanya nguo akampeleka mtoto Maganzo, kwa mama yake mzazi, ambako hakuna aliyemjua mtoto. Miezi miwili Wema alikaa kimya. Halafu siku moja watoto wa jirani wakamwita wacheze rede, wakamuuliza anaitwa nani. Akajikaza. "We-we-we..." Wale watoto hawakumdhihaki. Waliruka kwa furaha. "Chura! Ni yule chura wa kwenye simu! Sema tena!" Wakamzunguka, wakawaita na wenzao waje wamsikie. Salome alinipigia simu analia. "Mayu, mama yangu," aliniambia, "nimpeleke wapi tena huyu mtoto?"

Nikaacha beseni langu la karanga, nikaingia ndani ya banda. Fredy alikuwa anafuta vumbi kwenye spika. Nikamweleza yote bila kumpunguzia. Akaliachia tambara, akakaa kwenye benchi ameinamisha kichwa, nami nikaanza kumhurumia.

"Maganzo?" akasema. "Kumbe nimefika hadi Maganzo."

Kisha akainua macho.

"Na walicheka, Mama Cornel?"