Nilichoma Makaratasi ya Mutu wa Taa

Ninyi wenye ukurasa huu, jina langu mulifiche vizuri, maana hapa Tshopo watu wanajua hata mwandiko wa jirani. Niko na miaka makumi mbili na nane, bibi ya karani, ndoa yetu inaingia mwaka wa kumi. Na nisiwadanganye: niko mutu wa mashaka. Bwana akikohoa, nauliza amekohoa na nani.

Bwana yangu, tumuite Papa Rémy, anafanya kazi ya kunakili barua kwenye bureau. Mwaka huu aliomba ile carte ya wa-évolué, cheti cha mutu mweusi anayehesabiwa ameendelea sawa muzungu. Wanaojua wanajua: commission ya serikali inakuja mpaka nyumbani kwako, inaangalia choo, inafungua kabati, inauliza bibi kama munakula na fourchette, si na mukono. Mutu wa wake wawili, wanamukataa. Mutu wa mambo ya kitoto, wanamucheka. Alors, tuliishi miezi mitatu sawa wageni ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Sasa, kila dimanche kisha misa, bwana yangu alikuwa anajifungia chumbani na rafiki yake Papa Gustave, karani mwenzake, ambaye naye aliomba carte. Madirisha yamefungwa, na joto lile! Nikipeleka chai, wananyamaza, nasikia makaratasi yanafichwa. Nikajiuliza: wanaume wawili wazima, ni kitu gani hicho kisichotaka jua?

Siku ile commission ilikuwa inakuja, asubuhi, nilikuwa nafagia chini ya kitanda. Nikavuta sanduku yake. Chini ya mashati kulikuwa furushi imefungwa na kamba. Zilikuwa gazeti za hadithi za picha, zile watoto wa wazungu wanasoma, kurasa za nyuma tu, zimekatwa. Zingine zimechorwa na mukono, na wino wa bureau. Na kila moja iko na mutu ule ule: uso umefunikwa na kitambaa, taa kwenye kifua.

Mujue kwamba mwaka jana kaka yangu alipotea kule Isangi. Pirogue, mutumbwi wake, tuliipata, yeye hapana. Mama yangu mpaka leo anasema ni mundele ya mwinda, ule muzungu wa taa anayemulikia watu njiani, wanalegea, anawabeba, hawarudi tena, na kuna watu wetu wanaomuuzia ndugu zao. Na karatasi moja ya mukono ilionyesha muto, pirogue tupu, na ule mutu akimulika maji. Mungu wangu! Nikasema, kumbe ni hawa. Kumbe nalala na mutu aliyemuuza kaka yangu. Sikuuliza mutu yeyote. Nilichoma yote chini ya sufuria ya mboga ya pondu, majivu nikayamwaga kwenye migomba.

Commission ikaja, ikaangalia, ikaenda, jibu bado. Walipotoka tu, bwana alifungua sanduku. Alitoa mashati moja moja, akayakung'uta, akayarudisha. Kisha akakaa chini, mwanaume muzima, akalia.

«Papa Rémy, umepoteza nini?» nikauliza, na sauti ya mutu mwema.

Ndipo akanieleza, na haya. Kwenye ile gazeti kuna shujaa mukubwa wa mbele, anaruka, anapiga majambazi, watoto wote wanamupenda. Ule wa taa ni mudogo, wa ukurasa wa mwisho. Hapigi mutu. Nguvu yake ni moja tu: akimulika, kitu kilichopotea kinaonekana.

«Yule wa mbele, kila mutu anamungojea,» alisema. «Huyu hakuna. Na mimi, miaka kumi na moja nyuma ya meza, nani ananingojea? Nilimupenda, bon. Kisha gazeti ikamuondoa, hata kuaga hapana. Donc nikaendelea kumuchora mwenyewe. Nilikuwa nimemutuma Isangi, amutafute kaka yako. Alikuwa karibu kumupata.»

Wasomaji, pale ndipo nilipaswa kufungua kinywa. Yeye akaendelea: «Kikulacho kiko nguoni mwako. Aliyejua ni Gustave peke yake, nilimuonyesha kila dimanche. Ameyabeba makaratasi aonyeshe commission kwamba niko mutoto, carte aipate yeye.» Na mukono wangu ulikuwa kwenye shati yake, namubembeleza.

Tangu siku ile bwana hamusalimii Gustave. Maskini amekuja mara mbili, kofia mukononi. «Mama Rémy, nimekosa nini kwa ndugu yangu?» Nikamujibu sijui, mambo ya wanaume. Na nikamutazama mpaka akapotea kwenye kona, nikimuogopa, mimi mwenye kosa, yeye asiye na kosa.

Sasa bwana ameandika barua kwa commission kwamba Gustave iko na muke wa pili kule Yanonge. Ni kweli, na siri hiyo tulimutunzia miaka mingi. Ikifika, Gustave carte ataisikia kwa wengine, na watu watamunyooshea kidole mpaka kaburini. Bwana anasema ataipeleka mwisho wa mwezi huu. Naiona barua kila siku, iko kwenye mufuko wa koti yake ya misa.

Ningeweza kuichoma nayo, mukono umeshazoea. Lakini ataandika ingine. Na nikisema ukweli, itabidi niseme yote: kwamba nilimuona bwana yangu kama mutu aliyeuza damu yangu. Karatasi, mwanaume anaweza kusamehe. Hilo jingine, atalisamehe?

Jana alianza tena kuchora. Mwizi wa hadithi mupya iko na jino la Gustave, lile lililovunjika. Na ule mutu wa taa hayuko tena peke yake. Pembeni yake kuna mwanamuke, misuko yangu, kikwembe changu cha maua kiunoni, anamushikia taa.

«Ni wewe,» bwana akaniambia. «Kwa hii dunia, umebaki wewe tu wa kuaminiwa.»

Nishaurini, ndugu zangu. Siku zimebaki tisa, na taa naishika mimi. Nifanye nini?