Maua Pembeni mwa Picha ya Mama

Tulikuwa na kompyuta mbili na akili nusu. Kompyuta zililetwa shuleni kwetu Nchelenge, mpakani na Kongo, zikiwa zimechoka tayari, zimetumiwa na watu wengine huko zilikotoka. Akili tulikuwa nayo wenyewe, ila mwalimu alitusaidia kuipunguza.

Mwalimu huyo alikuwa kijana wa Copperbelt, kwenye miji ya migodi, mwenye tai hata siku za joto, aliyesomea kompyuta kwa wiki tatu na kurudi bingwa. Darasa la mwisho alilipatia kazi moja: kila kundi limtafute mtu wa hapa mjini mwenye jambo la kutangaza, limtengenezee tangazo kwa kompyuta. Kulikuwa na alama za fremu, alama za michoro, alama kwa kila aina ya mwandiko, alama za kivuli nyuma ya herufi. Alama za kusomeka hazikuwapo. Niliisoma ile orodha kwa macho yangu mwenyewe na sikuuliza chochote.

Kundi letu lilikuwa la watu watatu. Wenzangu wawili walikuwa wavulana wa hapa hapa, lugha yao Kibemba, na Kiswahili chao kiliishia kwenye kununua samaki. Mimi nilizaliwa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo aliyehitaji Kiswahili alikuwa wangu. Nikamleta mwanamke aliyekuwa akiuza chisense, wale dagaa wadogo wa ziwani, katika soko la Kashikishi.

Alikuwa amevuka ziwa miezi miwili nyuma, akikimbia vita. Siku ya kukimbia watu walisukumana ufukweni, yeye akaingia boti moja na mama yake akaingia nyingine, bila kuonana. Yake ilifika Nchelenge. Ile ya mama, watu walisema, ilielekea kisiwani Chisenga, kwenye kambi za wavuvi, lakini kambi zilikuwa nyingi na yeye alikuwa amejifungua juzi tu. Hakuweza kuzizunguka zote na kitoto kichanga. Alichotaka ni karatasi ya kubandikwa kila mahali boti zinaposimama, yenye picha ya mama yake na maneno machache: huyu anatafutwa na binti yake, binti yuko Kashikishi, na mama akiiona abaki hapo hapo, atafuatwa.

Picha ilikuwa moja tu. Aliing'oa ukutani nyumbani kwao Kilwa dakika ile ya kutoka, wakati mama alikuwa amekwisha kutangulia njiani. Ilimwonyesha mama mzima, toka kilemba hadi vidole vya miguu, amevaa kikwembe, yaani kitenge, chenye ndege wakubwa. Kikwembe hicho hicho ndicho alichokimbia nacho.

“Foto uiache yote,” aliniambia. “Batu ya ku soko habaangalie sura, banaangalia kikwembe. Kile njo kitamuonyesha.”

Nikamwambia, sawa, yaya, kama kwetu anavyoitwa dada mkubwa. Nilimwambia hivyo kwa moyo safi kabisa, kwa kuwa bado nilikuwa sijakaa mbele ya mashine.

Tulipokaa, hakuna aliyetushikia fimbo, lazima niseme hivyo. Mwenzangu mmoja aligundua namna ya kukata picha iwe na umbo la yai, kingo zikififia pole pole. Tulishangilia kama tuliovumbua moto. Mama wa watu akakatwa mabegani; kikwembe na ndege wake vikaenda zao. Mwenzangu wa pili akafungua hazina ya michoro iliyokuja na mashine, na kutoka humo tukachota maua, tukayaweka pembe zote nne. Mimi, mwenye lugha, nilichagua mwandiko. Nilichukua ule wenye mikia na vitanzi, wa kuandikia vyeti vya ndoa, kisha mwingine kwa mstari wa pili, na mwingine tena, hadi sentensi tatu zikawa na miandiko mitano. Mwalimu alipita, akasema juu bado pana nafasi, akatuongezea njiwa. Njiwa ni amani, alisema, na huko Kongo kuna vita.

Siku hizi mimi mwenyewe ni mwalimu, na wanafunzi wangu wananiletea kazi za kompyuta zenye rangi kumi na mbili na herufi zinazocheza. Nikimuuliza mmoja kwa nini ameweka hiki au kile, hunijibu kwamba kilikuwemo. Basi nakasirika kuliko inavyostahili, na mtoto wa watu haelewi kosa lake ni kubwa kiasi gani. Jibu hilo nalijua, lilikuwa langu.

Kwenye kioo cha kompyuta tangazo letu lilikuwa na ziwa la bluu nyuma ya maneno. Printa ya shule ilikuwa na wino mweusi tu, kwa hiyo ziwa likatoka kijivu na herufi zangu zikazama humo. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo. Sisi tulisema inapendeza, tukaipeleka boma, kwenye ofisi za serikali, kutolewa nakala, na kila nakala ikatoka nyeusi kuliko iliyotangulia.

Nilimpelekea yule mwanamke sokoni. Hakujua kusoma, lakini macho alikuwa nayo, akauliza kikwembe kiko wapi. Nikamjibu kwamba hivi ndivyo wataalamu wanavyofanya. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikamfundisha mwanamke aliyepotelewa na mama yake namna ya kumtafuta. Akasema kama ndivyo wanavyofanya wenye shule, basi. Akawagawia wenye boti, nakala nyingi zikaenda Chisenga, chache zikashuka na barabara hadi Mwansabombwe.

Siku ya tatu wanawake wa kanisa lake walifika kwenye kibanda chake na unga na kuni vichwani. Waliketi chini, wakavua viatu, wakaanza kulia. Kwetu, huku na ng'ambo, picha ya mtu mzima iliyozungushiwa maua hutembea mbele ya sanduku la maiti. Mimi nimeibeba picha ya namna hiyo kwa mikono yangu, siku ya kumzika babu, na maua yake tuliyachuma sisi wajukuu. Lakini mbele ya kompyuta niliona pambo tu, utadhani nilizaliwa ndani ya lile sanduku la mashine.

Yule mwanamke alikuja shuleni siku hiyo hiyo, mtoto mgongoni, hasira usoni. Alitaka karatasi zibadilishwe na zile za zamani zibanduliwe. Mwalimu alimwambia, kupitia kwangu, kwamba kazi imeshafungwa, siku ya wazazi ni Jumamosi, na kundi litakalogusa kazi yake sasa litapoteza alama. Nilitafsiri vizuri sana, sikuacha neno. Sikumwambia kwamba kalamu nene ilikuwa pale mezani, na kwamba kabla ya kengele ya mchana ningeweza kumwandikia karatasi kumi kwa mkono. Mwalimu alidharau mwandiko wa mkono, aliuita mambo ya kijijini, na dharau hiyo ndiyo kitu pekee nilichojifunza kwake bila kukosea.

Jumamosi tulishika nafasi ya kwanza. Mgeni wa heshima aliwasifu njiwa.

Baada ya hapo nikaanza kupita sokoni kila nikitoka darasani. Nilijifanya nanunua chisense. Kwa kweli nilikuwa nikiona haya na sikujua pa kuipeleka. Ndivyo nilivyokuwapo siku mchuuzi mmoja wa samaki, baba mwenye mvi chache, aliposhuka kutoka Chisenga akamtafuta yule mwanamke mezani kwake. Alikuwa na nakala yetu, imekunjwa vizuri, akampa kwa mikono miwili na kumpa pole ya msiba.

Yule mwanamke akamwambia hakuna msiba, mama yake anatafutwa tu. Yule baba akavuta kigoda, akaeleza taratibu. Mama huyo alikuwa Chisenga muda wote, kambini kwa Wakongo, akikausha samaki. Karatasi ilipobandikwa penye boti, wanaojua kusoma waliinamia zile herufi, wakashindwa, wakaacha. Basi wakamwita mwenyewe aje aone. Akaona sura yake katikati ya maua. Na picha ile aliijua, ilikuwa ikining'inia ukutani nyumbani kwake Kilwa, kwa hiyo akaona aliyeiwekea maua yuko huko.

“Alisema, mutoto wangu eko Kilwa, mu nyumba, eko nanililia bure,” yule baba akamwambia. “Naenda kumuonyesha kama niko muzima.”

Walimkataza. Walimwambia huko ni risasi tu. Alijibu kwamba mtoto hawezi kuachwa anamlilia mtu aliye hai, akajifunga kikwembe chake vizuri na kuingia boti ya kwanza iliyokubali kurudi upande ule. Siku nne zilikuwa zimepita tangu hapo.

Yule mwanamke hakulia. Aliuliza boti ya nani, na kama kuna nyingine leo. Kisha akamfunga mtoto mgongoni na kukaza fundo mara mbili. Hapo ndipo mimi nilipopata ulimi. Nilimwambia niko tayari kuandika tangazo jingine sasa hivi, kwa kalamu, herufi kubwa, foto nzima.

Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi.

“Hapana,” alisema. “Baki na hii samaki, ufukuze inzi. Ile utaweza.”

Akashuka kwenda ziwani. Mimi nilikaa kwenye kigoda chake, nikafukuza inzi hadi soko likafungwa, na hakurudi.