Kengele ya Mama Iliyochelewa Dakika Ishirini

Mama alianguka bafuni saa tatu kamili asubuhi. Kengele ikalia saa tatu na dakika ishirini.

Kengele hiyo niliitengeneza mimi, mtaalamu wa kompyuta wa ukoo mzima. Nipigieni makofi.

Kitufe kilikuwa chini ukutani, kimeunganishwa na pini ya kompyuta ndogo, kijiti cha chuma kinachopokea umeme wa kitufe. Programu yangu haikuwa ya kuuliza kila sekunde, "Vipi, kuna mtu?" Ilikuwa inalala zake. Hali ya pini ikibadilika, kiini cha mfumo, ile programu kuu inayoendesha kompyuta, kinaiamsha, nayo inapiga kengele kwa jirani.

Jirani aliposikia alikuja mbio. Mama akatoka na mkono uliovunjika.

"Nilibonyeza palepale," mama akasema.

"Mama, rekodi zinaonyesha saa tatu na ishirini. Kompyuta haidanganyi."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwongo?"

Nikamtazama dada, dada akanitazama. Masikini, mama ameanza kusahau.

Wiki mbili baadaye dada alikuja na gari amhamishie kwake. Nyumba aliyokaa miaka arobaini! Mama alilia, na sisi tukajifanya tunakunja nguo.

Mara akaniita bafuni. "Hebu njoo, mtaalamu."

Akabonyeza kitufe, akashikilia, macho kanitolea mimi.

Kwa jirani, kimya.

Ndipo nikaelewa. Kiini cha mfumo lazima ukiambie kiiamshe programu lini: umeme wa pini ukipanda, au ukishuka. Kubonyeza kunaupandisha, kuachia kunaushusha. Mimi na usomi wangu wote niliandika ukishuka! Kwenye majaribio nilikuwa nabonyeza na kuachia fasta, inalia, najipongeza.

"Siku ile nilishikilia mpaka vidole vikafa ganzi," mama akasema. "Nikakata tamaa, nikaachia."

Akaachia.

Ngriiii! Kwa jirani kukalia.

Dada akaanza kurudisha mabegi ndani bila kuambiwa.

"Haya," mama akasema, "nani anayesahau?"

Nilipiga magoti palepale kwenye vigae nikamwomba radhi.

Wenzangu wa kompyuta, kitufe cha dharura kijaribuni kama mtu aliyeanguka na anaogopa, siyo kama mtu aliyekaa kwenye kiti na kikombe chake cha chai. Na mama yako akisema alibonyeza, basi alibonyeza.

Nilibadilisha neno moja tu kwenye programu. Sasa kengele inafanya kazi barabara.

Mama kajinunulia filimbi.