Mtoto Niliyemhamisha kwa Sababu ya Kitanda

Watu wakisikia niliwahi kuwa afisa wa watoto hapa Kakamega, husema, "Mungu akubariki." Sipendi hiyo baraka. Wangejua niliyoyaandika kwa mkono wangu, wangeimeza.

Kazi yangu ilikuwa kukagua. Nilizunguka na fomu mkobani, nikiangalia makao ya watoto na nyumba za watu waliokubali kulea watoto wasio wao. Fomu ilitaka vitu vya kuonekana: choo, maji, madirisha, kitanda cha mtoto peke yake. Nami niliipenda hiyo fomu, wacha nisidanganye. Nilijiona mkali, si kama wale wenzangu wa kunywa chai na kutia sahihi.

Siku moja boda boda ilinishusha upande wa Butali, kwa mjane aliyekuwa akipalilia miwa ya watu. Alikuwa amelea msichana mmoja tangu akiwa mchanga, sasa ana miaka sita. Nyumba ya udongo, imefagiliwa vizuri. Nikauliza mtoto hulala wapi.

"Analalanga na mimi," akasema. "Jirani aliniambia niazime kitanda chake, nikuonyeshe. Nikakataa. Sasa nidanganye serikali nipate nini?"

Jamani! Mtu anakupa ukweli mtupu, na wewe unafanya nini? Nilitoa kalamu nikaandika: mtoto hana kitanda, nyumba haifai. Hata muda wa kutafuta kitanda sikumpa. Wiki mbili baadaye gari la ofisi lilimchukua mtoto. Dereva aliniambia ilibidi wambandue vidole kwenye leso ya mama, kimoja kimoja. Mimi sikwenda. Nilikuwa na mkutano.

Tulimpeleka kwenye makao ya watoto karibu na mjini, yenye vigae na vitanda vya deka, kimoja juu ya kingine. Mimi mwenyewe ndiye niliyeyapa alama za juu. Huko tulikuwa tunapiga simu kwanza: tutakuja Alhamisi. Na Alhamisi ukifika, watoto wameoga, wali unanukia, mashuka yamenyooka.

Mwaka uliofuata nilifika bila kupiga simu. Usinisifu, simu ilikuwa imeisha chaji. Nilifunua shuka la kwanza, godoro bado limo kwenye nailoni. La pili, vivyo hivyo. Watoto walikuwa wakilala chumba cha nyuma, chini, kwenye mikeka, na blanketi zilinuka mkojo. Msimamizi akachekacheka. "Madam, hawa wataharibu vitu, halafu wafadhili wakija tuwaonyeshe nini?"

Yule msichana alikuwa hapo mlangoni. Aliponiona alisimama wima, akakunja mikono, akaanza kuniimbia wimbo wa kukaribisha wageni. Peke yake, hakuna aliyemwomba. Nilimwambia aache. Akaacha papo hapo, akangoja nimwambie kitu kingine cha kufanya.

Niliandika ripoti kali. Kisha nikaenda Butali na fomu mpya, nimeshaijaza nusu, ili yule mama aombe tena kumlea. Nilimkuta nyuma ya nyumba akitoa udongo kwenye jembe. Hakunipa kiti.

"Mtoto ni mzima?"

"Mzima, mama."

"Analianga?"

Mjinga mimi, nilidhani nampa faraja. "Hapana. Halii kabisa. Ametulia sana."

Akaweka jembe chini. "Huyo alikuwa analia uji ukiwa moto. Analia nikichelewa shambani. Ndiyo nikajua ananitegemea. Sasa halii, na wewe unaniletea hiyo kama habari njema?"

Alinyoosha mkono akaichukua fomu, akatia sahihi bila kuisoma.

Ilichukua miezi mitano kumrudisha. Kitanda kilinunuliwa, kikawekwa kando ya ukuta, nami nikatia alama kwenye fomu, nikaona haya. Mama anasema mtoto akiamka hutandika, shuka linyooke kabisa, kisha anasimama kando yake na mikono imekunjwa mpaka aambiwe aende akacheze.

Nimeshaacha ile kazi. Yule mama hunipigia mara mojamoja. Hanilaumu, afadhali angenilaumu. Juzi alipiga, nikamsalimu, nikauliza hali ya mtoto.

"Ameanguka jana kwa jiwe, goti limepasuka," akasema. "Akalifuta damu mwenyewe, akaniomba msamaha."

Akakata simu.