Bibi Harusi Asiye na Nywele

Nilipochumbiwa nilikuwa mnene, na kwetu Nguvumali unene wa msichana ulikuwa sifa. Posa ilitoka Moa. Wanawake waliokuja kunitazama walirudi kwao wakisema binti anajaza mlango, na nywele zake zinafika kiunoni. Zile nywele nilizionea fahari kupita kiasi.

Kisha vidonda vya tumbo vikanilaza hospitali. Daktari akanipasua, akaondoa sehemu ya tumbo, akasema tangu hapo nitakula kidogo kidogo. Nikakonda hadi kanga iliyokuwa hainitoshi ikawa inanizunguka na kubaki. Mimi nilifurahi, nikawa nacheka peke yangu mbele ya kioo. Aliyelia ni bibi yangu, mzaa mama, aliyenilea.

Baada ya unene, nywele nazo zikaaga. Nikichana zinabaki kwenye kitana, nikiamka nazikuta kwenye mto. Daktari alisema ni upungufu wa chakula, bibi akasema ni jicho la watu, ila wote wawili waliapa kwamba zitarudi. Harusi haikuwa tayari kuzingoja. Bibi hakutupa hata unywele mmoja, maana kwetu nywele hazitupwi ovyo: ndege akizijengea kiota, mwenyewe ataumwa kichwa mpaka achanganyikiwe. Zote alizitia ndani ya foronya.

Hofu yangu ilikuwa moja. Kwa wale wa Moa, siku bibi harusi anaposingwa mwili kwa liwa ya kunukia, mama mkwe mwenyewe ndiye humtia mafuta ya nywele, mbele ya wanawake wote. Akikuta kasoro aliyofichwa, anaweza kujifunga kanga na kuondoka na watu wake. Nami nilimtaka yule kijana. Nilimchungulia siku moja kwa ufa wa mlango, akicheka mzaha wake mwenyewe kabla hajaumaliza, nikasema huyu ni wangu.

Basi bibi akaifungua foronya, akasuka misuko, akaishonea kwenye kitambaa, akanifunga kichwani.

"Usicheke," akaniambia. "Ukitikisa kichwa tumeumbuka."

Siku ikafika. Mama mkwe alikuwa mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. Alimimina mafuta ya nazi bila huruma, huku wenzake wakiimba kumtania bwana harusi kwamba kupika hajui ila kuonja. Nikajizuia, nikashindwa. Nilipocheka, kitambaa kikateleza na misuko yote ikamwangukia mama mkwe mapajani.

Nyimbo zikakatika. Bibi akasema, "Yarabi, stara!"

Mama mkwe akanipapasa kichwa kwa kiganja chote. "Ndiyo haya tu mliyonificha, au kuna jingine?"

"Na tumbo nusu, mama," nikasema. Hofu ilikuwa imenijaa tele, lakini kicheko kilikuwa kimeshanianza na hakikukubali kurudi.

Akanitazama. Halafu akamgeukia bibi. "Mwenzangu, mficha uchi hazai. Na sisi tumetoka Moa roho juu. Mwanangu mmewahi kumwona bila kofia?"

"Hatujamwona," bibi akajibu.

"Basi akiivua hamtaona nywele."

Vigelegele viliezua paa. Mama mkwe akajivika misuko yangu kichwani, akaingia katikati kucheza, na bibi, aliyekuwa akilia, akamfuata akikatika kiuno kama msichana. Sijapata kufurahi vile tena.

Mume wangu alipoletwa chumbani, sikungoja aniulize, nikavua ushungi. Naye akavua kofia. Kichwa chake kiling'aa kuliko changu. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Mwaka uliofuata nywele zangu zilipoanza kuota, alinuna siku nzima, akidai nimemwacha peke yake.