Dereva wa Treni Iliyoazima Rangi

Dereva wa treni ya asubuhi hana maneno mengi, na hayo machache huviambia vyuma. Hatsue, mkata tikiti wa stesheni ya Iwasaka, amekwisha kumzoea: glavu nyeupe zisizo na doa, kidole kikielekea taa, kisha sauti ileile kavu, "Kijani." Kidole mlangoni: "Umefungwa." Kidole kwenye saa: "Kwa wakati." Ukimwinamia naye hukuinamia, basi, yameisha.

Asubuhi moja treni yao nyekundu ilikuja ya buluu. Kampuni ya reli yao na ile ya pwani zilikuwa zimefanya urafiki, zikabadilishana rangi kama marafiki wanavyoazimana nguo. Watu wakapanda, isipokuwa Bibi Kuwabara, aliyebaki nyuma ya mstari wa njano na kikapu chake cha figili.

"Hiyo ya watu wa pwani," alisema. "Mimi naingoja yetu."

"Bibi, ndiyo yetu," Hatsue akamwambia. "Imepakwa rangi tu."

"Wewe binti, nyekundu naipanda tangu sijaolewa. Hunidanganyi."

Dereva akachungulia dirishani. Hatsue alijua ataondoka, maana huyo hamngoji hata mkurugenzi. Lakini kidole cheupe kiliinuka, kikamwelekea bibi kama kinavyoielekea taa.

"Bibi Kuwabara," akatamka. "Hajapanda."

Bibi akamkazia macho. "Kumbe ni wewe," alisema, akakipachika kikapu mkononi, akapanda taratibu.

Kidole kikageukia saa.

"Tumechelewa," dereva akatamka, kwa sauti ileile anayoitajia kijani.